Kupigwa msasa kwa kazi nyeti Mombasa: mwenendo na mfuko, hatua kwa hatua

Kazi nyingi zinazotamaniwa Mombasa ziko nyuma ya lango lenye askari. Bandari ya Kilindini, uwanja wa ndege wa Moi, forodha, jeshi la wanamaji kule Mtongwe, hata ulinzi wa mahoteli ya Nyali na Bamburi: kote huko hupewi pasi wala sare kabla hujapigwa msasa, yaani kuchunguzwa wewe ni nani na unaishi vipi. Bandarini kuna kanuni za ISPS, za usalama wa meli na bandari, zilizoanza kutumika dunia nzima tarehe 1 Julai 2004. Viwanja vya ndege vina Kiambatisho cha 17 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinachotaka usuli wa mtu uchunguzwe kabla hajaachiwa kutembea peke yake maeneo ya ndani. Walinzi wa kampuni za binafsi wana sheria yao ya 2016, inayotaka kila mmoja asajiliwe. Na maafisa wa serikali wana Sura ya Sita ya Katiba ya Kenya, ya uongozi na uadilifu.

Wengi hudhani msasa huu ni wa kutafuta wahalifu. Mhalifu mwenye rekodi hunaswa mapema, kwa alama za vidole tu. Wanaokwama mbele ya safari ni watu wa kawaida: mwenye mikopo ya simu asiyoijua idadi yake, mwenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake na kutumiwa na mwingine, aliyeandika "hapana" palipostahili "ndiyo" kwa kuona haya.

Wamarekani wameliandika jambo hili waziwazi kuliko wengi. Mwongozo wao wa vibali vya usalama, unaotumika tangu Juni 2017, una vigezo 13 vilivyopewa herufi A hadi M. E ni mwenendo binafsi na F ni fedha. Hapa kwetu hutaikuta orodha kama hiyo imebandikwa langoni, lakini maswali ni ya ukoo mmoja. Huyu anaweza kununuliwa? Anaweza kutishwa kwa jambo analolificha? Akiulizwa swali linalomuuma, husema kweli? Karani anayedaiwa laki tatu, na anayejua ni kontena gani litapita bila kufunguliwa, ndiye atakayetafutwa na mwenye mzigo haramu. Tena hatatafutwa kwa vitisho. Atalipiwa karo ya mtoto.

Hatua ya kwanza: karatasi, kabla tangazo halijatoka

Tangu marekebisho ya Sheria ya Ajira ya 2022, mwajiri hatakiwi kukudai vyeti vya kuthibitisha usafi wako kabla hajakusudia kukupa mkataba. Ni nafuu, maana hupotezi pesa kwa kazi usiyoipata. Ubaya wake ni kwamba ukiitwa, unaitwa na siku chache tu mkononi. Basi vyeti unaweza kuvichukua baadaye, ila kasoro zitakazovizuia zitafute sasa.

Cheti cha mwenendo mwema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa shilingi 1,050. Ukishalipa, chapisha fomu ya C24 mbele na nyuma kwenye karatasi moja. Saiba nyingine (maduka ya intaneti) hukupa karatasi mbili, ukarudishwa kutoka kwenye foleni. Beba kitambulisho na risiti, uende ukachukuliwe alama za vidole Huduma Centre, pale Posta ya Digo Road. Mafundi wa saruji na wapasua mawe wajitayarishe mapema, kwa sababu saruji hula alama za vidole. Ipumzishe mikono siku kadhaa, uipake mafuta usiku, kisha siku yenyewe uende imekauka.

Cheti cha ushuru cha KRA, mamlaka ya mapato, hudumu miezi 12. Kinachowakwamisha vijana ni ile PIN (namba ya mlipa ushuru) waliyofunguliwa wakiomba mkopo wa chuo, wasiiguse tena. Mwenye PIN hutakiwa kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato yake, kila mwaka kabla ya Juni 30 kuisha, hata kama hakuingiza senti, na kuchelewa kuna faini ya shilingi 2,000. Miaka minne ya kusahau ni 8,000 ambazo hukuzila. Ingia iTax, tovuti ya KRA, leo uone.

HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, nayo ina faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi kwa aliyeacha kulipa. Ikiwa huna kazi, waandikie uwaeleze hali yako na uhifadhi majibu yao. Ukipata chochote, anza kulipa hata kidogo. Hata asiyewahi kukopa huenda akatakiwa kuleta cheti chao.

Mwisho ni CRB, kampuni zinazoweka rekodi za mikopo ya watu. Kampuni zenye leseni ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kanuni za 2020 zinakupa ripoti moja ya bure kila mwaka kutoka kwa kila moja, basi omba zote tatu, maana deni huweza kuonekana huku lisionekane kule. Kabla ya jina lako kupelekwa kama mdaiwa sugu, mkopeshaji anatakiwa kukupa notisi ya siku 30. Ukikuta deni usilolijua, andika pingamizi kwa kampuni hiyo na kwa mkopeshaji, na usitupe nakala. Jambo la kulishika hapa: ukilipa deni bovu leo, alama yake haifutiki kesho. Hubaki miaka mitano tangu siku ya kulimaliza, ikionyesha kuwa limelipwa. Mchunguzi akiona "limelipwa" anaona mtu aliyerudi kusafisha alipochafua, na hilo halimfukuzishi mtu kazi.

Hatua ya pili: isome M-Pesa yako kama asiyekujua

Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi ilipoanza kuwapiga msasa maafisa Desemba 2013, stetimenti za benki na za M-Pesa ziliwekwa mezani, na maafisa wakatakiwa kueleza pesa zilizoingia na kutoka. Tangu hapo kila mtu anajua kuwa simu ni daftari. Hata kama kazi yako haitafika kwenye kina hicho, wewe lifungue kwanza.

Piga *334# au tumia programu ya Safaricom, uombe stetimenti ya mwaka mzima. Huja kwa barua pepe ikiwa imefungwa, na namba ya kuifungulia huja kwa ujumbe mfupi. Chapisha. Keti na kalamu tatu za rangi, mlango umefunga, maana haya si ya kusomewa barazani.

Rangi ya kwanza ni kamari. Usihesabu ulichoshinda, hesabu ulichotuma. Ukiona kila tarehe ya mshahara inafuatwa na miamala saba au minane ya shilingi 200 kwa kampuni ya kubashiri, kisha Fuliza (mkopo wa papo hapo wa M-Pesa) tarehe kumi, basi umeona kitakachoonwa na mchunguzi. Kubashiri kwenye kampuni yenye leseni si kosa. Picha ya kubashiri na kukopa ndani ya juma moja, mwezi baada ya mwezi, ndiyo inayomfanya mtu aulizwe maswali.

Rangi ya pili ni mikopo: Fuliza, M-Shwari, Hustler Fund na zile programu zinazokopesha kwa dakika mbili. Andika pembeni mkopo upi ulikopwa kulipa upi. Ukiona mishale inazunguka, umejua pa kuanzia.

Rangi ya tatu ndiyo inayosahauliwa, nayo kwa Mombasa ndiyo kubwa: pesa za watu zinazopitia kwako. Dada yuko Saudia anatuma elfu arubaini za kujengea kwao Likoni, zinapitia simu yako kwa kuwa wewe ndiwe mwaminifu. Wewe ni mweka hazina wa chama. Umekusanya mchango wa harusi ya binamu. Mjomba hana kitambulisho kipya, kauza shamba, hela zimeingia kwako. Hakuna dhambi hapo, lakini kwa asiyekujua, mtu mwenye mshahara wa elfu ishirini na tano amepokea laki tano kwa miezi mitatu na kuzitoa siku iyo hiyo. Ndivyo pesa chafu zinavyopita. Kwa kila mzigo kama huo tafuta ushahidi sasa: daftari la chama, jumbe za WhatsApp za dada akieleza pesa ni za mabati na saruji, mkataba wa kuuza shamba. Weka kwenye faili moja. Kisha anza kukataa. Chama kifungue akaunti yake, dada atume kwa fundi au kwa mama. Watanuna, kisha itawapita.

Palepale piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, peleka malalamiko kwenye duka la kampuni ya simu ikatwe. Na ile uliyomsajilia rafiki kwa hisani mwaka juzi iondoe pia. Akitapeliwa mtu kwa laini hiyo, atatafutwa mwenye kitambulisho.

Hatua ya tatu: lipa kwa mpangilio

Mtu akishtuka hukimbilia kulipa deni linalompigia kelele zaidi, na mara nyingi ni la programu ya simu. Mimi ningepanga hivi: kwanza ushuru na HELB, kwa sababu ni madeni ya serikali unayoiomba kazi, pili deni lililoko CRB, tatu udhamini, halafu mengine.

Udhamini nimeutaja makusudi. Sacco zetu zinaishi kwa kudhaminiana, na ni vigumu kumkatalia mwenzako wa kazi anapokuja na fomu. Lakini akitoroka, akiba yako ndiyo inayoliwa, na deni linakuwa lako. Andika orodha ya wote uliowadhamini na kiasi kilichobaki. Fomu ikikuuliza madeni, hayo hutajwa.

Huwezi kulipa yote? Wachache wanaweza. Nenda kwa mkopeshaji, mwandikiane mpango wa malipo, hata wa shilingi 1,500 kwa mwezi, kisha uufuate bila kukosa. Katika kigezo F cha Wamarekani kuna orodha ya mambo yanayompunguzia mtu uzito: deni limetokana na jambo lililokuwa nje ya uwezo wake, kama kupoteza kazi, ugonjwa au talaka, ameanza kulipa kwa nia njema, amepata ushauri wa kifedha, analipinga deni na ana ushahidi. Hata hapa, mtu mzima anayekuhoji anajua watalii walipotea pwani mwaka wa 2020 na mahoteli yakafungwa. Mwambie ulifukuzwa kazi lini, umletee barua, umwonyeshe risiti za miezi sita. Deni lenye karatasi halimtishi.

Hatua ya nne: mali ielezeke

Upande wa pili wa deni ni ukwasi usio na chanzo. Mtumishi wa umma hutakiwa kutoa tamko la mapato, mali na madeni, na hilo hufuatana naye kazini miaka yote. Mwezi Juni 2018 rais wa wakati huo aliamuru wakuu wa ununuzi na uhasibu serikalini wapigwe msasa upya, pamoja na kupimwa kwa mashine ya kugundua uongo.

Mombasa mali nyingi haina karatasi. Nyumba ya Swahili ya mababu Mji wa Kale ina warithi kumi na wanane, kiwanja cha Kisauni kilinunuliwa kwa mashahidi wawili na kikombe cha kahawa, dhahabu za mama ziko kwa mama. Ukirithi, pata hati ya mahakama ya Kadhi inayoonyesha fungu lako. Ukinunua, usiridhike na karatasi ya daftari. Gari linalotembea kwa jina la mwingine lihamishwe. Ukizawadiwa kitu kikubwa, andikiana na aliyekuzawadia, hata kama ni babako.

Hatua ya tano: mwenendo

Kesi ya zamani haifi yenyewe. Vijana wengi wa hapa wamewahi kuzolewa kwenye msako wakalala kituo cha polisi cha Makupa au Central, wakafikishwa kortini, kesi ikaondolewa, wakasahau. Ikiwa iliondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, jua kuwa huko ni kuachiliwa tu, na unaweza kushtakiwa tena. 87(b) ni kuachiwa huru kabisa. Nenda masjala ya mahakama iliyokusikiliza, ukiwa na namba ya kesi, ukaombe nakala ya uamuzi yenye muhuri. Ukiwa nayo, swali la "umewahi kushtakiwa?" linajibika kwa sentensi mbili. Usipokuwa nayo, utaanza kubabaika, na kubabaika huonekana.

Bhangi ni haramu kwa sheria ya 1994, hata kama maskani yenu haioni hivyo. Miraa na muguka ni jambo jingine: amri ya kaunti ya Mei 2024 dhidi ya muguka ilikimbiliwa mahakamani, na huwezi kuhesabiwa mhalifu kwa kutafuna. Lakini anayekuhoji kwa kazi ya zamu za usiku atauliza, na jibu la kweli linatosha.

Vyeti vya shule ndipo pasipo na huruma. Mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kupata zaidi ya vyeti 2,000 vya kughushi kwa watumishi, na EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi, imekuwa ikiwapeleka wenye vyeti hivyo mahakamani warudishe mishahara yote waliyolipwa. Kama D+ yako ni D+, tafuta kazi ya D+.

Jeshini na kwa maafisa wa serikali kuna swali la uraia. Ibara ya 78 ya Katiba inakataza afisa wa serikali na mwanajeshi kuwa na uraia wa nchi mbili, isipokuwa kwa wachache waliotajwa. Mji huu una watu wenye pasi ya Oman au Uingereza kabatini. Ikiwa ni wewe, pata wakili kabla hujapanga foleni ya kuandikishwa.

Majirani huulizwa: chifu, mzee wa Nyumba Kumi, mwenye duka mnapokopa unga. Huwezi kuwafundisha la kusema, na usijaribu. Lipa deni la duka, basi. Mtandaoni, ondoa picha ulizopiga ndani ya maeneo yaliyokatazwa, na zile za kujigamba na vibunda vya noti zisizo zako.

Hatua ya sita: fomu na mahojiano

Jaza fomu mara ya kwanza kwa penseli kwenye nakala. Linganisha tarehe na CV, na kitambulisho, na cheti cha kuzaliwa. Kama mwajiri wa zamani alikuachisha kwa ugomvi, andika hivyo hivyo kwa maneno machache. Swali usilolielewa liulize. Usimwachie kijana wa saiba akujazie sehemu ya maswali ya ndiyo na hapana. Yeye hutia "hapana" mfululizo ili foleni isogee, na sahihi ni yako.

Ukiulizwa ana kwa ana jambo la aibu, litaje, useme lini, useme umefanya nini tangu hapo, unyamaze. Wanaoongeza hadithi hujikwaa kwenye hadithi. Na yeyote anayekuahidi kukupitisha kwa elfu hamsini, mwache. Makurutu wamekamatwa kwa hongo siku hiyohiyo ya uandikishaji, na kuandikishwa jeshini hakulipiwi hata senti.

Ukikataliwa

Omba sababu kwa maandishi. Ibara ya 47 ya Katiba na Sheria ya Hatua za Kiutawala za Haki ya 2015 zinakupa haki hiyo pale uamuzi wa ofisi ya umma unapokuumiza. Ikiwa sababu ni taarifa yenye makosa, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuruhusu kuiona na kudai irekebishwe. Mambo ya siri ya usalama wa taifa huenda usielezwe, lakini kosa la jina linalofanana na la mtu mwingine, ambalo kwa akina Mohamed Ali na Fatuma Salim wa Mombasa si jambo la ajabu, husahihishwa kwa alama za vidole na barua moja nzuri.

Kwa mzazi mwenye mwana Marekani

Siku hizi simu hutoka kule: "Mama, nimeomba kazi serikalini, wanataka majina yenu." Kibali cha usalama cha Marekani hupewa raia wao, na fomu yake, SF-86, huuliza jamaa walio nje: majina kamili, tarehe na mahali pa kuzaliwa, anwani, kazi. Huuliza pia kuhusu pesa anazowatumia watu wasio raia wa huko. Kusema uongo ndani yake ni kosa la jinai linaloweza kumfunga miaka mitano. Kuwa na mama Majengo si kosa, na kumtumia mama pesa za dawa si kosa.

Kwa hiyo msaidie kwa ukweli. Mpe majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, hata kama kitambulisho kimeandika Mohamed na cheti cha kuzaliwa Muhammad. Mwambie yote mawili. Kama tarehe yako ya kuzaliwa ilikisiwa, mwambie ilikisiwa. Ikiwa mjomba ni askari au mfanyakazi wa serikali hapa, mtaje, usimfiche kwa kudhani unamsaidia. Mkumbushe kuwa bhangi iliyoruhusiwa kwenye jimbo lake bado ni haramu kwa serikali ya shirikisho inayomwajiri. Na ile desturi ya kumtumia mwana pesa za watu "awanunulie gari huko alete" ikome hadi apate jibu, na akishalipata iendelee kukoma, kwa kuwa wachunguzi hurudi kumchunguza.